Ziwa Lilipokataa Kurudi

Theluji ikizidi Ulaya, treni husimama na shule hufungwa. Baada ya siku kadhaa barafu huyeyuka, watu wakarudi kazini. Mwanza hatuna kipupwe cha namna hiyo. Tuna mvua, na tuna ziwa linaloipokea. Maafa makubwa ya hali ya hewa katika historia ya mwambao wetu yalianza mwaka 1961, na maji yake yalikaa kwa miaka.

Mwaka ule ulianza na ukame. Maeneo mengi ya Tanganyika yalikuwa na njaa. Kisha vuli ikaja kwa nguvu isiyo ya kawaida: Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na mvua zikanyesha Afrika Mashariki nzima. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, katikati ya msimu huo, ndiyo maana wapo wanaoziita mvua za Uhuru.

Mvua ilikatika, lakini ziwa liliendelea kupanda. Kati ya mwisho wa 1961 na Mei 1964 liliongezeka zaidi ya mita 2. Sababu ni umbile lake. Kama asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria hutoka moja kwa moja angani, yakiangukia eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Maji huingia kwa msimu mmoja na kutoka kwa miaka. Kwenye fukwe za tambarare, mita 2 za kwenda juu ni mwendo mrefu wa kwenda bara. Gati, nyumba na mashamba yalifunikwa. Mwaka 1967, nchi za bonde la Nile kwa msaada wa Umoja wa Mataifa zilianzisha uchunguzi wa kuelewa kilichotokea.

Mwaka huo huo, sensa ilikuta Mwanza mjini watu kama 35,000. Mwaka 2022, Nyamagana na Ilemela zilikuwa na zaidi ya milioni moja. Katikati hapo ziwa lilishuka. Mwaka 2006 lilifika chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920, na watu wakayafuata maji: bustani za mboga, vichanja vya dagaa, vibanda, hata hoteli. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikaivuka rekodi ya 1964. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa.

Wenye mali kando ya ziwa waliambiwa wamevamia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini ufukwe wa mwaka gani? Aliyepima mita 60 mwaka 2006 huenda alitii sheria na bado akazama. Na mama anayeanika dagaa hawezi kuhamia mlimani. Kazi yake iko mwaloni.

Mstari wa 1964 unajulikana, na wazee wengi wa vijiji vya ziwani wanaweza kuonyesha maji yalipofika. Ungewekewa vigingi vinavyoonekana, mtu angejenga akijua anajenga wapi. Bila vigingi hivyo, kila kizazi kitauona ufukwe kilioukuta kuwa ndio ufukwe halisi, na kitalipia somo ambalo babu zake walishalilipia.