Dominika si Dominiko

Orodha ya majina ya nchi iliyopitishwa na kamati ambayo sitaitaja ina makosa mawili yaliyokaa karibu karibu. Kisiwa kidogo chenye mji mkuu wa Roseau kimeandikwa "Jumuiya ya Madola ya Dominika". Mstari unaofuata, nchi yenye mji mkuu wa Santo Domingo imeandikwa "Jamhuri ya Dominika". Nilipeleka pingamizi kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba majina hayo yameshazoeleka. Mazoea hayahalalishi kosa.

Wakalinago, wenyeji wa kisiwa hicho, walikiita Waitukubuli, yaani "mwili wake ni mrefu". Jina hilo halina chumvi: kisiwa hakifikii kilomita za mraba 800, lakini mlima wake wa Morne Diablotins unapita mita 1,400. Columbus alikiona tarehe 3 Novemba 1493, katika safari yake ya pili, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili alikipa jina la siku hiyo. Kwa Kilatini dominus ni bwana, na dies dominica ni siku ya Bwana. Mkatoliki anayesema Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hilo, kwani Dominika ya Matawi huiadhimisha kila mwaka. Hata mkazo umetukalia sawa: wenyeji wa kisiwa hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Domi-NI-ka, palepale Kiswahili kinapokaza, ilhali wageni wengi wasemao Kiingereza huukosea. Wafaransa walikiita la Dominique, Waingereza wakakitwaa kwa mkataba wa 1763, na jina likabaki lile lile. Uhuru nao ulipatikana tarehe 3 Novemba, mwaka 1978.

Santo Domingo ina asili nyingine kabisa. Mji huo, ulioanzishwa na Bartolomeo, ndugu yake Columbus, mwaka 1496, una jina la padri Mhispania aliyeanzisha shirika la wahubiri, na Kanisa letu humwita Mtakatifu Dominiko. Nchi iliyojitenga na Haiti tarehe 27 Februari 1844 ilichukua jina lake kutoka huko. Basi iwe Jamhuri ya Dominiko. Jumapili inaishia na a, mtakatifu anaishia na o. Kiswahili kimeshazitofautisha, na aliyezichanganya ni mtunga orodha.

Wako wanaotetea "Dominikana". Hicho ni kivumishi cha Kihispania, kinachoishia na a kwa sababu tu república ni nomino ya kike katika lugha hiyo. Kwa nini tuazime kivumishi pamoja na jinsia yake, na jina kamili tunalo? Wengine hudai kwamba Wadominiko ni watawa, wasomaji watachanganyikiwa. Wahispania wenyewe wanaweza kumwita raia na mtawa kwa neno moja, dominicano, na hawajapotezana.

Kuhusu "Jumuiya ya Madola", hapa kamati imetafsiri kwa mazoea ya mkono. Jumuiya ya Madola ni ule muungano wa nchi ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Dominika ni dola moja. Neno la Kiingereza "Commonwealth" lililo katika jina lake rasmi lina maana ya zamani, nchi iliyopo kwa manufaa ya watu wote, maana iliyo jirani kabisa na ile ya res publica ya Kilatini. Kweli kisiwa hicho ni jamhuri na kina rais, lakini jina lenyewe halikutumia neno jamhuri, na sisi tukiliweka tutarudisha mkanganyiko na ile nchi nyingine. Dola la Dominika linatosha.

Katika matumizi: raia wa kisiwa ni Mdominika, raia wa jamhuri ni Mdominiko, na katika habari za kawaida Dominika peke yake ni kile kisiwa tu.