Kamusi Iliyokutwa Stesheni

Kiturkana huanza na kitenzi. Kikorea humalizia nacho. Sasa fikiria mtu aliyezaliwa Lodwar, akasomea shule ya msingi Kakuma, anatua Korea Kusini kwa ufadhili wa serikali yao. Miezi ya kwanza nilingoja mwisho wa kila sentensi kama abiria anayengoja basi la Kitale: litakuja, lakini saa ngapi? Mwalimu alitaja soko, jana, mama, samaki, na bado hukujua kama huyo samaki alinunuliwa au alikataliwa.

Kiswahili kilinisaidia kuliko Kiingereza. Sisi hubandika viambishi mbele ya kitenzi, wao hubandika nyuma. Na heshima imo humo humo: ukila wewe ni neno moja, akila babu ni neno jingine kabisa. Aliyelelewa na bibi haoni ajabu.

Kilichonikamata zaidi ni historia ya maandishi yao. Kwa karne nyingi Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mkulima hakuwa na nafasi ya kujifunza. Mwaka 1443 Mfalme Sejong akakamilisha herufi 28, akazitangaza rasmi 1446. Wasomi wa ikulu, wakiongozwa na Choe Manri, walimpinga: ati kuacha maandishi ya wakubwa ni kujigeuza washenzi. (Hoja hiyo si tumeisikia hata huku?) Leo zinatumika 24 za msingi, na baadhi zinachora ulimi unavyokaa mdomoni.

Kisha Japani ikaitawala Korea kuanzia 1910. Kufikia 1938 somo la Kikorea lilifanywa la hiari shuleni, na hiari hiyo tunajua inavyokuwaga. Chama cha wanalugha kilikuwa kikikusanya maneno kwa ajili ya kamusi. Oktoba 1942 polisi wakaanza kuwakamata. Wawili, Lee Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Mswada wao ukabebwa kama ushahidi wa kesi, ukapotea. Septemba 1945, vita vimeisha, ukakutwa kwenye ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu la kwanza likatoka 1947, la sita na la mwisho 1957. Watu walifungwa kwa sababu ya orodha ya maneno!

Niliposoma hayo niliwaza Kakuma. Kambi ilianza 1992, wakati vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, kisha wakaikimbia nayo 1991, walipofika Turkana. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi. Shule zikafuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo Mdinka na Msomali walifanya mtihani wa Kiswahili sawa na mtoto wa Mombasa. Na sisi Waturkana, wenyeji, Kiswahili tulikikuta shuleni pia. Darasa zima lilikuwa la wanafunzi wa kigeni, ila hakuna aliyetuita hivyo.

Rafiki yangu Mkongo alikuja na Kiswahili chake kutoka nyumbani. Aliandika "mutoto" na "muzuri", mwalimu akakata kila "u" kwa kalamu nyekundu. Pale lugha ya mama ilipotoka mdomoni, kipande cha mbao kilining'inizwa shingoni hadi jioni, desturi ya shule nyingi za Kenya tangu enzi za mkoloni.

Korea walinipa mwaka mzima wa lugha peke yake, pamoja na posho, nifike daraja la 3 la mtihani wao kabla sijagusa masomo ya shahada. Yeye alipewa kalamu nyekundu siku ya kwanza.

Siku hizi anafundisha gredi ya pili Kalobeyei. Anasema watoto wake huandika "mutoto" muhula wote wa kwanza, na yeye hakati kitu.