Kunguni Hawaulizi Kodi Yako ni Ngapi

Ukikaa Nairobi unaijua ile sauti. Saa nne asubuhi, spika imefungwa kwenye mkokoteni, rekodi moja inajirudia: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Sasa angalia watu wa ploti. Mwenye shida ya panya anatoka mbio na hamsini yake mkononi. Wa mende pia. Wa kunguni anangoja mkokoteni upinde kona, halafu anaufuata polepole kama mtu anayeenda kununua kitu haramu.

Mimi nimekuwa huyo msee. Nilipoacha chuo nilitoka hosteli na laptopu, sufuria moja na godoro la inchi nne. Godoro nikalipeleka kwa mathe nikijua kabisa lina wageni. Sikusema kitu. Nilijiambia nimelianika siku mbili, mambo yameisha. Miezi miwili baadaye dadangu mdogo akaanza kuamka na mistari ya alama nyekundu mkononi, na mathe akawa anamlaumu mtoto ati haogi vizuri. Nikanyamaza. Hapo ndipo nikaanza kusoma historia ya hawa wadudu, nikitafuta, nadhani, mtu mwingine wa kulaumu.

Wa kwanza niliyempata ni farao, ama tuseme mafundi wa farao. Huko Amarna, Misri, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata mabaki ya kunguni kwenye kijiji cha wafanyakazi, ya miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Na hata huo ni mwanzo wa juzi. Ukoo wa kunguni una zaidi ya miaka milioni 100 duniani, hivyo walikuwepo dinosari wakiwa bado wanatembea. Watu waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakiwaza marafiki wanafiki peke yake, si uongo.

Lakini hadithi iliyonikamata ni ya London, 1730. Kuna jamaa anaitwa John Southall alichapisha kitabu kizima kuhusu kunguni, pengine cha kwanza kwa Kiingereza, na ndani yake anaeleza alivyopata dawa yake. Alikuwa Jamaica, wadudu wamemla vibaya, akakutana na mzee mweusi aliyekuwa mtumwa zamani na sasa yuko huru. Mzee hakuwa na alama hata moja mwilini. Southall akambembeleza kwa chakula na kinywaji, mzee akamfundisha kutengeneza dawa. Southall akarudi London, akaipa jina lake la kifahari, akaiuza na kuficha kabisa namna ya kuichanganya. Kitabu kina jina la Southall. Jina la yule mzee silioni popote.

Mazee, hapo nilifunga laptopu kidogo.

Angalia vile biashara hiyo ilivyofanya kazi. Dawa ya siri inauzika kwa sababu ugonjwa wenyewe ni siri. Watu wakiogopa kuulizana, atakayekuja na chupa atauza chochote. Na si maskini tu walionunua. London hiyohiyo ilikuwa na kampuni ya familia ya Tiffin iliyojitangaza kama wauaji wa kunguni wa familia ya kifalme. Katikati ya karne ya 19, mwandishi Henry Mayhew alimhoji mmoja wao, naye akasimulia vile aliwahi kumpata kunguni kwenye kitanda cha Princess Charlotte mwenyewe. Kitanda cha binti wa mfalme mtarajiwa! Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kunguni ni wa watu wachafu, muulize mfalme alikosa sabuni ama alikosa maji.

Ukweli ni kwamba kunguni hataki uchafu. Anataka damu, joto la mwili na ufa wa kujificha. Uchafu na vitu vingi vinampa tu pa kujificha zaidi.

Waingereza walilielewa hilo serikali ilipolibeba. Miaka ya 1930, London ilipobomoa mitaa ya mabanda na kuhamishia watu kwenye nyumba za baraza, hawakumwambia mtu ati kwanza jisafishe. Fanicha za familia zilipakiwa kwenye lori, zikapitishwa kwenye gesi ya sayanidi njiani, matandiko yakatiwa mvuke, halafu ndio ukapewa funguo. Hiyo gesi ni sumu ya kuua mtu, tafadhali usipate mawazo. Ninachosema ni kwamba lilichukuliwa kuwa shida ya mtaa mzima, kama maji taka.

Halafu ikaja DDT. Paul Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na 1948 akapewa Nobeli. Kwa nchi tajiri ilikuwa kama muujiza: unapulizia kitanda mara moja, inakaa miezi. Kizazi kimoja baadaye, mtoto wa Ulaya au Marekani angeweza kukua bila kumwona kunguni. Utasikia watu wakisema walirudi kwa sababu DDT ilipigwa marufuku. Hesabu hiyo haikubali. Marekani iliipiga marufuku 1972, lakini kunguni sugu walionekana kwenye kambi ya wanajeshi Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1947. Yaani mdudu alikuwa amejifunza kabla Müller hajavaa medali.

Na hapa Kenya inaingia, tena kwa mlango wa mbele. Dawa ya kunguni ya wakati ule ambayo haikuwa sumu kali kwa watu ilikuwa pareto, yale maua meupe ya Molo na Kinangop. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Japani ndiyo iliyoongoza kuuza pareto. Vita vikafunga bahari, Kenya ikachukua nafasi, na kwa miongo kadhaa sisi ndio tuliokuwa tunalisha dunia. Halafu maabara za Uingereza zikaiga kemikali ya ua hilo, permethrini ikatoka miaka ya 1970, rahisi na isiyoharibiwa upesi na jua. Mkulima wa Molo aliumia pole pole, na ubaya wa bodi yetu ya kuchelewesha malipo ukamalizia, lakini hiyo ni posti nyingine.

Sasa cheki mchezo. Hizo dawa za kuiga pareto zinampiga mdudu mahali palepale kwenye neva ambapo DDT ilimpiga. Kunguni aliyejikinga na ya kwanza alishaanza kujikinga na ya pili. Neti zenye dawa zilipoletwa Afrika Mashariki watu walizipenda, si kwa malaria tu bali kwa sababu kunguni walikufa. Kufikia 2002 watafiti walikuwa wanaandika kuhusu kunguni wa Tanzania waliozizoea. Paris ilipopiga kelele 2023, dunia ikashangaa. Sisi tulikuwa tunajikuna kimya kimya muda wote.

Kwa hivyo ile chupa ya mkokoteni isiyo na lebo, mara nyingi ni sumu ya shambani iliyopunguzwa kwa maji, na unaimwaga mahali unapoweka uso wako. Usifanye hivyo. Kitu ambacho kunguni hajawahi kukizoea ni joto. Nyuzi 50 zinamuua pamoja na mayai yake, lakini jua la Nairobi la Julai halifiki huko, ndiyo maana kuanika godoro langu kulikuwa kujidanganya. Chemsha nguo na shuka. Kitanda cha chuma, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo. Angalia pindo za godoro kama kuna vidoadoa vyeusi kama wino, na usiingize kochi la mtumba kabla ya kulipindua. Godoro lifunge kwenye mfuko wa zipu usio na tundu na usiufungue mwaka mzima, maana anaweza kukaa miezi bila kula. Rudia kazi yote baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai huanguliwa ndani ya siku kumi hivi. Na uongee na jirani, kwa sababu anapita kwenye ufa wa ukuta na shimo la soketi bila kujali kodi inalipwa na nani.

Hiyo ya jirani ndiyo ngumu. Mimi ilinichukua miezi minane kumwambia mathe.

Nilimpigia Jumapili. Nikamwambia ni mimi, ni lile godoro, si mtoto. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza kama nimeshamwomba dadangu msamaha. Nikasema bado. Akasema basi nianze hapo, na Jumamosi nije mapema na ile sufuria kubwa, gesi anayo.