Grafu Isomeke Ufukweni: Hoja kutoka Kisumu

Nyenzo za kujifunzia uchoraji wa grafu si haba. Kitabu cha Claus Wilke cha mwaka 2019 kinasomwa bure mtandaoni. Rangi nane za Okabe na Ito, zilizoteuliwa kwa kuwajali wenye upofu wa rangi, zimo katika programu nyingi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno mwenye bando la kutosha huvipata vyote kwa usiku mmoja. Kasoro ni kwamba vinamfunza kumchorea msomaji wa skrini, ilhali msomaji anayezihitaji zaidi takwimu za Ziwa Victoria yuko ufukweni Dunga, mbele ya ubao wa matangazo wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), akitazama fotokopi.

Fotokopi haijui rangi. Chukua machungwa na samawati hafifu za Okabe na Ito: kwenye skrini hazichanganyiki kabisa, lakini zikipita kwenye mashine, zote mbili hutoka kijivu kilekile. Kwenye grafu ya samaki, mstari wa mbuta hautofautiki tena na wa omena, na kile kisanduku cha ufunguo pembeni hakina kazi. Dawa yake ni rahisi hata inaudhi kuona haitumiki: andika jina la samaki palepale mstari unapoishia, na mstari mmoja uufanye wa vipande.

Suala la mhimili ni zito zaidi. Kimo cha ziwa kimepimwa tangu 1896. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yakafikia tena kimo cha 1964, yakafurika fuo nyingi za upande wa Kenya. Sasa mtu achore nguzo kwa mita kutoka usawa wa bahari, akianzia sifuri kama inavyotaka kanuni wanayoikariri wanafunzi wetu mithili ya sala. Ziwa liko takriban mita 1,135. Mita 2 humo hazifiki asilimia 0.2. Nguzo zote zitalingana, na mafuriko yatakuwa hayakutokea! Kanuni ile ni ya nguzo, si ya mistari. Hapa panafaa mstari, na sifuri yake iwe alama ambayo wakazi wanaijua, tuseme ukingo wa gati la Kisumu, ili msomaji aone maji yalipanda kiasi gani juu yake.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. R-Instat, programu ya bure iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2015, ilibuniwa kwa mchango mkubwa wa wanahisabati wa Kenya, na ina sehemu ya kuchora grafu za mvua za kujadiliwa na wakulima wenyewe. Uvuvi unastahili uangalifu uleule, kwani Kanuni za BMU za 2007 ziliwapa wavuvi wajibu wa kukusanya takwimu. Wanaopima samaki ndio wanaorudishiwa michoro wasiyoweza kuisoma, tena kwa Kiingereza, wakati Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pia.

Kwa hiyo wahadhiri wa takwimu wa Maseno na wa chuo kikuu kilichoko Bondo waweke sharti moja: grafu ya ziwa isipewe alama kabla ya kutolewa fotokopi, kupelekwa ufukweni, na karani wa BMU kuieleza kwa maneno yake bila kusaidiwa.