Nani alitengeneza injini ya Mini?

Wandugu, leo tuweke siasa pembeni tuongee mambo ya gereji. Wewe unayedhani injini ni habari za watu wenye grisi kwenye kucha tu, vumilia kidogo, maana ndani ya stori hii kuna swali linalotuhusu wote. Kitu kikitengenezwa upya mara nyingi na watu wengi, aliyekitengeneza ni nani?

Gari lenyewe ni Mini. Unalijua hata kama hujawahi kulipanda: kale kagari ka Kiingereza, kafupi, magurudumu madogo kama ya toroli. Ukiuliza nani alikatengeneza, jibu linakuja haraka: Alec Issigonis, mhandisi wa kampuni ya BMC. Kwa upande wa gari, sawa. Kwa upande wa injini, hapana. Injini ya Mini ilikuwa barabarani miaka 8 kabla ya Mini kuzaliwa, na aliyeichora hakuwa na habari na Mini.

Turudi 1951. Kiwanda cha Austin pale Longbridge, Birmingham, kilitoa gari dogo la familia lililoitwa A30. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, cc 803, nguvu zisizofika farasi 30. Silinda hedi yake ilitokana na kazi ya Harry Weslake, mtaalamu wa mambo ya hewa inavyopita ndani ya injini. Chumba cha kuchomea mafuta alikipa umbo kama la moyo, kikachoma vizuri kwa petroli kidogo. Lakini hedi ile ilikuwa ya bei poa. Silinda nne ziligawana matundu mawili tu ya kuingizia hewa na petroli, na matundu matatu ya kutolea moshi. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka 1952 Austin na Morris wakaungana, ikazaliwa BMC, na injini ile ikahamia pia kwenye Morris Minor. Hilo wazee wetu wanalijua vizuri, liliwahi kuwa gari la walimu wakuu, wauguzi na makarani. Lakini bado hakuna aliyekuwa akiitazama injini ile kama kitu cha mashindano.

Kisha ikaja vita ya Suez, 1956. Misri ilitaifisha mfereji, Uingereza na wenzake wakavamia, mafuta yakaadimika, na Waingereza wakaanza kununua petroli kwa mgao. Mkubwa wa BMC, Leonard Lord, akamwambia Issigonis atengeneze gari dogo haraka, kwa sharti moja: atumie injini ambayo kampuni tayari inayo. Issigonis akailaza injini kwa upana wa gari, giaboksi akaiweka chini yake, vyote viwili vikaoga oili moja. Ndiyo maana Mini ni fupi na bado watu wanne wanaingia.

Sasa sikia kichekesho. Magari ya majaribio yalikuwa na injini ya cc 948 na yalionekana yana mbio kupita kiasi. Kwa hiyo wakafupisha mwendo wa pistoni mpaka injini ikashuka cc 848, farasi 34. Yaani injini ambayo baadaye dunia nzima ilihangaika kuiongezea nguvu ilianza maisha yake ndani ya Mini kwa kupunguzwa nguvu! Gari likazinduliwa tarehe 26 Agosti 1959.

Hapo ndipo anaingia John Cooper. Huyu bwana alikuwa na kampuni ndogo iliyounda magari ya mbio, na magari yake ndiyo aliyoendesha Jack Brabham alipotwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960. Cooper aliijua injini ile, kwa kuwa alikuwa akiitumia kwenye mashindano ya madaraja ya chini. Akawashawishi BMC, na mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper: cc 997, kabureta mbili, breki za diski mbele, farasi 55. Kutoka 34 mpaka 55 kwa injini ileile ya gari la mke wa mchungaji.

Lakini jina la Cooper liko kwenye bati la gari. La Daniel Richmond halipo. Richmond alikuwa na gereji katika kijiji cha Downton, karibu na Salisbury. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua hedi ya injini hii na kuichonga ndani: kupanua njia za hewa pale panapostahili, kupaacha pasipostahili, kulainisha kona, kurekebisha chumba cha kuchomea. Gari lake lilipojaribiwa, wakubwa wa BMC walishangaa jinsi lilivyokimbia. Wakamchukua kama mshauri, na maarifa yake yakaingia kwenye matoleo ya kiwandani.

Kwa nini hedi ni muhimu hivyo? Kwa sababu injini ni pampu ya hewa. Petroli unaweza kuongeza utakavyo, lakini bila hewa ya kutosha haiungui. Na hapa tunarudi kwenye yale matundu mawili. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Silinda 1 na 2 zinanyonya kupitia tundu moja, 3 na 4 kupitia jingine. Ikimaliza 3 kunyonya, 4 inafuata papo hapo kwenye tundu lilelile. Ikimaliza 2, inafuata 1. Ni kama watu wawili wanaokunywa kwa mrija mmoja kwa kupokezana: anayefuata hapati sawa na aliyetangulia. Kila fundi aliyewahi kuongeza nguvu kwenye injini hii amepambana na tatizo hilo.

Utauliza, si wangechora tu hedi nyingine yenye matundu manne? Jibu ni pesa. Mashine za Longbridge zilishapangwa kutoboa bloku zile kwa maelfu. Kubadilisha umbo la msingi ni kununua mashine mpya. Kwa hiyo kila aliyeigusa injini alilazimika kutafuta nafasi ndani ya chuma kilekile.

Mfano mzuri ni Cooper S ya 1963. Walitaka silinda pana zaidi, milimita 70.6, wakati injini ya kwanza ilikuwa na milimita 58. Bloku haikuwa na nafasi. Walichofanya ni kusogeza silinda mbili za pembeni nje kidogo na mbili za katikati zikakaribiana zaidi, bila kurefusha bloku. Ikatoka injini ya cc 1,071 na farasi 70. Mwaka uliofuata wakarefusha mwendo wa pistoni, wakapata cc 1,275.

Matokeo yake yako kwenye rekodi. Januari 1964 Paddy Hopkirk alishinda Monte Carlo Rally kwa ile ya cc 1,071, akiwaacha nyuma wenye injini kubwa mara kadhaa ya yake. Timo Mäkinen akashinda 1965. Mwaka 1966 Mini zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakaguzi wakazichambua kwa saa nyingi, na kosa walilolipata lilikuwa la taa za mbele! Zikaondolewa, ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Citroën. Mwaka 1967 Rauno Aaltonen akarudi akashinda tena.

Sasa tuje kwa mtu anayeishusha injini hii leo na kuifunga upya. Kwanza anapima. Silinda ikitumika miaka mingi hailiki sawasawa. Inakuwa yai badala ya duara, na juu inapanuka kuliko chini. Bloku inachongwa, zinaingia pistoni za ovasaizi. Mafundi wetu husema 20, 40, 60, yaani sehemu za elfu za inchi. Wanaotafuta nguvu huenda mbali zaidi: bloku ya 1,275 wanaipanua mpaka milimita 73.5 na kupata karibu cc 1,380. Krenki nayo inasagwa, inawekewa beringi nene zaidi kufidia. Hedi inasagwa uso ili mgandamizo upande. Ukitaka kufunga hedi yenye valvu kubwa juu ya bloku ndogo, lazima uchonge nafasi kwenye bloku yenyewe, la sivyo valvu za moshi zitagonga chuma.

Umeona jambo moja hapo? Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kila fundi anafanya kazi ndani ya kile alichobakiziwa na fundi aliyemtangulia. Ukikuta bloku imeshafika 60, umekuta wenzako walishapita. Na wewe ukichonga hovyo, umemnyima atakayekuja.

Hata sheria za mafuta zimelazimisha mikono mipya. Injini hizi zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda vikalio vya valvu za moshi. Uingereza iliacha kuuza petroli ya risasi kwa watu wote kuanzia Januari 2000, na nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Ni jambo jema kwa akili za watoto wetu. Lakini mwenye gari la zamani ilibidi afunge vikalio vya chuma kigumu. Weslake hakukitarajia hicho mwaka 1951. Fundi wa gereji ndiye aliyekimaliza.

Na msidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 1952 Nissan ya Japani ilisaini mkataba na Austin wa kuunda magari yao kwa leseni. Wakajifunza kila kipande cha injini ya Austin ya cc 1,489, ndugu mkubwa wa ile ya Mini. Walipotaka injini ndogo, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa akiwashauri, Donald Stone, aliwaambia wasianze upya: fupisheni mwendo wa pistoni kutoka milimita 89 mpaka 59, mashine mnazo tayari. Ikatoka injini ya cc 988, ikaingia kwenye Datsun 210 ya 1957. Miaka 13 baadaye Datsun 1600 SSS, nayo ya silinda nne ingawa injini yake ilikuwa ya uchoraji mpya, ilishinda East African Safari ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Waliojifunza kwa kurekebisha ya wenzao walikuwa sasa wanachora ya kwao.

Hapa ndipo swali langu linapouma. Sisi tunamwita fundi wetu "mtu wa kukarabati", kama vile kukarabati ni daraja la chini kuliko kutengeneza. Injini ikifa, ushauri wa kwanza siku hizi ni kununua nzima iliyotumika Japani. Mara nyingi ndiyo nafuu, simlaumu anayefanya hivyo. Lakini kila tunapobadilisha bila kupima, kuna kijana mmoja pale gereji ambaye hakujifunza kupima.

Tunamkumbuka Joginder Singh wa Kenya kwa sababu alishinda Safari ya 1965 akiwa na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo ya silinda nne. Ni wangapi tunakumbuka kwamba kabla ya usukani alishika spana, katika gereji ya baba yake?

Mini ya mwisho ya aina ile ilitoka Longbridge Oktoba 2000, na injini yake bado ilikuwa ya ukoo uleule wa 1951. Nani aliitengeneza? Weslake, Issigonis, Cooper, Richmond, na watu wengi waliochonga bloku moja moja bila kuandikwa popote. Hao wa kwao wamebahatika kuandikwa nusu. Wa kwetu, wa Gerezani na wa Kirinyaga Road, hata nusu hawajaandikwa, na wengi wao ni wazee sasa. Sisi tunaojiita waandishi tunasubiri nini?