Chapa ya meno: ule mpira unavyoandaliwa, na unachotakiwa kufanya wewe

Mtoto akihitaji waya za kunyoosha meno au jino la bandia, mara nyingi daktari huanza kwa kuchukua chapa ya meno. Kitu laini huwekwa kwenye trei, trei huingizwa mdomoni, kinaganda, kisha hutolewa kikiwa na umbo la meno. Mama, hakuna sindano hapo, wala si dawa ya kumeza.

Kuna ya unga, iitwayo alijineti, inayotokana na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa Zanzibar). Unga hukorogwa na maji haraka haraka, kwani huganda ndani ya dakika chache, na maji yakiwa ya uvuguvugu huwahi zaidi. Ikiachwa wazi hukauka na kusinyaa.

Mpira wenyewe ni silikoni. Huja sehemu mbili za rangi tofauti, zinakandwa kama unga wa chapati mpaka ibaki rangi moja. Ikibaki mistari, hapo hautaganda vizuri na chapa itarudiwa. Glavu za mpira wa kawaida zina salfa inayoweza kuzuia silikoni isigande, kwa hiyo usishangae daktari akibadilisha glavu kabla ya kukanda.

Glavu hizo zina jambo jingine. Kama mtoto huwashwa au huvimba midomo akishika puto, sema kabla hajakaa kwenye kiti. Sema pia kama ana pumu, au jino linalolegea, maana linaweza kung'oka pamoja na chapa.

Usimshindilie chakula kabla ya kwenda. Akiwa na mafua yaliyoziba pua, omba siku nyingine: mdomo utajaa kwa dakika kadhaa na atapumua kwa pua tu. Akae wima, ainamishe kichwa mbele kidogo, aache mate yatiririke. Akianza kichefuchefu, mwambie achezeshe vidole vya miguu. Inaonekana mzaha, lakini watoto wengi hutulia.

Chapa ikitoka, asukutue, nawe utazame mdomoni kama kuna kipande kilichobaki. Akikohoa bila kukoma, akikoroma kifuani, akivimba uso au akipumua kwa shida, mwite daktari papo hapo. Ikitokea mkiwa nyumbani, mpeleke hospitali mara moja, usingoje asubuhi.