Simba, Joka na Nyoka: Wanyama Wakali wa Biblia na Historia ya Oxon Hill

Kusini mwa jiji la Washington, ukingoni mwa mto Potomac upande wa jimbo la Maryland, upo mji wa Oxon Hill. Msafiri anayepita leo kwenye barabara kuu ataona hoteli, maduka makubwa na msururu wa magari. Karne mbili zilizopita hapa palikuwa mashamba ya tumbaku, na waliolima tumbaku hiyo walikuwa watumwa. Hadi kufikia mwaka 1860, zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti ya Prince George's, ambamo Oxon Hill imo, walikuwa watu waliomilikiwa na wenzao.

Moja kati ya mashamba hayo liliitwa Salubria, mali ya daktari John Bayne. Mwaka 1834 msichana mtumwa wa shamba hilo, mwenye umri wa miaka 14, alinyongwa kwa kosa la kuwapa sumu watoto wa bwana wake. Jina lake lilikuwa Judah, yaani Yuda. Msikilizaji anayeijua Biblia atakumbuka mara moja kwamba Yuda ni kabila ambalo alama yake ni simba.

Tumeanza na kisa hiki kizito kwa sababu makala ya leo inahusu wanyama wa kutisha wanaotajwa katika Biblia, na namna alama zao zilivyotumiwa na watu waliokuwa wakiogopana. Kila mara swali ni lile lile: katika habari hii, mnyama mkali ni nani?

Tukiisoma Biblia yenyewe, jibu linashangaza kidogo. Mara nyingi mnyama mkali si mtu mnyonge, bali ni ufalme. Nabii Ezekieli anamfananisha Farao wa Misri na joka kubwa lililolala katikati ya mito yake, na kila aliyewahi kuuona mto Nile anafahamu ni kiumbe gani kilichomjia nabii akilini. Yeremia anasema kuwa Nebukadreza wa Babeli ameimeza Yerusalemu kama joka. Katika sura ya saba ya kitabu cha Danieli, wanyama wanne wanapanda kutoka baharini: simba mwenye mabawa ya tai, dubu, chui mwenye vichwa vinne, na wa nne asiye na jina, mwenye meno ya chuma na pembe kumi. Kitabu chenyewe kinaeleza kuwa hao ni wafalme. Wataalamu wengi wanaona kuwa maono hayo yaliandikwa katika karne ya pili kabla ya Kristo, wakati mfalme Antioko wa Nne alipowatesa Wayahudi na kulinajisi hekalu lao. Kumtaja mfalme huyo waziwazi kulikuwa hatari; kumtaja kama pembe ya mnyama kuliwezekana.

Mwandishi wa kitabu cha Ufunuo aliwachukua wanyama wa Danieli akawaunganisha kuwa mmoja: mwili wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba. Safari hii, kwa maoni ya wasomi walio wengi, aliyekusudiwa ni dola ya Rumi. Basi lugha ya wanyama ilikuwa lugha ya waliokandamizwa, waliomsema mtawala huku wakiyalinda maisha yao. Nasi watu wa pwani tunaifahamu sanaa hiyo, kwani fumbo mfumbie mjinga.

Hata hivyo alama hizi hazikai mahali pamoja. Simba ni jina la mkombozi katika Ufunuo, lakini katika waraka wa kwanza wa Petro ndiye shetani anayezunguka akitafuta mtu wa kummeza. Nyoka aliyemdanganya Hawa katika bustani anarudi katika kitabu cha Hesabu akiwa ametengenezwa kwa shaba, na kila aliyeumwa akimtazama anapona. Baadaye mfalme Hezekia akaivunja sanamu hiyo, maana watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Sanamu ile ile, dawa kwa kizazi kimoja, ikawa uchafu kwa kingine.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, wanyama wawili wa ajabu wa kitabu cha Ayubu, Behemothi na Lewiathani, wamekuwa kiboko na mamba. Mkristo wa Marekani anapofika hapo huwazia dude la kale lisilojulikana. Mkristo wa Kisumu au Mwanza humfikiria jirani aliyekwenda kuchota maji asirudi. Vivyo hivyo simba: mwaka 1898 simba wawili waliwaua wajenzi wa reli ya Uganda huko Tsavo, na wengi wa vibarua hao wakaamini kuwa si simba bali ni mashetani. Kwa hiyo sisi twaweza kusahau kirahisi kwamba mnyama huyu wa kwenye maandiko ni mfano tu. Kwetu ana meno ya kweli.

Turudi Maryland. Watumwa wa Marekani waliisikia Biblia kwanza kutoka vinywani mwa mabwana zao, na mabwana walichagua mistari. Huko London mwaka 1807 kilichapishwa kitabu cha mafungu ya Biblia yaliyoteuliwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Nakala moja ilionyeshwa mjini Washington mwaka 2018. Habari za Waisraeli kutoka utumwani Misri zimeondolewa, na kitabu cha Ufunuo, pamoja na mnyama wake, hakimo. Waliokihariri walielewa vyema walichokuwa wakikisoma.

Lakini habari ya Danieli katika tundu la simba ilienea katika mashamba ya Marekani. Ikawa wimbo, na katika miaka ya 1870 waimbaji wa Chuo Kikuu cha Fisk wakaufikisha mbele ya umma. Hoja ya wimbo huo ni nyepesi: ikiwa Mungu alimwokoa Danieli, kwa nini asimwokoe kila mtu? Msimamizi wa shamba aliyeusikia alidhani anasikia habari za Babeli. Walioimba walijua simba anaishi katika nyumba ipi.

Wengine hawakuishia kwenye wimbo. Nat Turner, mtumwa na mhubiri katika jimbo jirani la Virginia, alisimulia kwamba mwezi wa Mei mwaka 1828 Roho alimtokea akamwambia kuwa Nyoka amefunguliwa, na kwamba yeye aitwae nira aliyoiweka chini Kristo ili apigane na Nyoka huyo. Agosti 1831 aliongoza uasi ambao uliua watu weupe wapatao 55, wakiwemo wanawake na watoto. Watu weusi wengi zaidi waliuawa kwa kulipiza kisasi, na Turner mwenyewe akanyongwa mwezi wa Novemba. Maelezo yake yalichapishwa mwaka huo huo mjini Baltimore, Maryland. Hofu ilitanda. Katika mwaka 1832 jimbo la Maryland likapitisha sheria iliyowakataza watu weusi kukusanyika kwa ibada pasipo mzungu wa kuwaongoza au kuwasimamia. Kusoma habari za nyoka kukawa jambo la kuhitaji mlinzi.

Miaka miwili baadaye, Judah wa Salubria akapanda kwenye kitanzi. Sioni namna ya kuwasahau watoto waliokufa, wala sioni namna ya kumsahau mtoto aliyenyongwa, naye hakuwa na wazazi wenye mamlaka juu yake wala sheria ya kumlinda. Katika macho ya wenye mashamba ilikuwa rahisi kusema kwamba nyoka alikuwa amefugwa jikoni. Hapo ndipo alama ya manabii ilipogeuzwa: mnyama, aliyekuwa jina la mfalme, akabandikwa kwa kijakazi.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda mbali kuona hatari ya kugeuza huko. Nchini Rwanda mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na jina la nyoka nalo lilitumika dhidi yao. Wasikilizaji wa matangazo hayo wengi wao walikuwa watu wa kanisani. Tarehe 3 Desemba mwaka 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura, na maneno yenyewe yalikuwa sehemu ya ushahidi.

Mtu aliyeirudisha alama hii mahali pake alikuwa Frederick Douglass, mzaliwa wa Maryland aliyetoroka utumwani mwaka 1838. Julai 5 mwaka 1852, akihutubia mjini Rochester, jimbo la New York, aliwaambia Wamarekani weupe kuwa utumwa ni nyoka wa kutisha aliyejikunja kifuani mwa taifa lao, ananyonya titi la jamhuri yao changa. Hakumwita bwana fulani nyoka, wala hakumwita hivyo mtumwa aliyeasi. Aliwasihi wamng'oe nyoka huyo wenyewe na kumtupa mbali.

Maryland ilikomesha utumwa tarehe 1 Novemba 1864. Mwaka 1877 Douglass alinunua nyumba iitwayo Cedar Hill, juu ya kilima cha Anacostia, akaishi humo hadi kifo chake mwaka 1895. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho ya taifa. Ukisimama mbele yake utaliona kuba la Bunge la Marekani upande wa pili wa mto, na ukienda kusini kwa gari, baada ya muda mfupi unafika Oxon Hill. Nyumba ya Salubria haipo tena. Katika ardhi iliyokuwa ya shamba hilo yamejengwa maduka, yaliyofunguliwa mwaka 2013.